AMPK: Kimeng'enya kinachopima nishati ya seli, na nafasi yake katika afya na saratani

Kila seli ya mwili wa binadamu ina kipimo kinachoiarifu iwapo nishati iliyopo inatosha au imeanza kupungua. Kipimo hicho ni kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi kama AMPK. Kinapofanya kazi ipasavyo, huuwezesha mwili kutumia sukari na mafuta kwa kiasi, na huzuia seli zisikue ovyo. Jeni zinazokiunda au zinazokiwasha zikiharibika, matokeo yanaweza kuwa ugonjwa wa moyo au saratani.

Hata hivyo, utafiti wa miaka 20 iliyopita umedhihirisha jambo jingine lenye uzito mkubwa kwa wagonjwa. Kimeng'enya hicho hicho kinachoizuia saratani isianze kinaweza kuisaidia iendelee kuishi ikishaota. Kwa sababu hiyo, vidonge, mitishamba na utaratibu wa kufunga kula unaotangazwa kwamba "huwasha AMPK na kuua saratani" haupaswi kuchukua nafasi ya matibabu ya hospitali.

Seli hujuaje kwamba nishati inapungua

Chakula kikishasagwa, sukari na mafuta yake huingia katika damu na kufikishwa kwenye seli, ambako huunguzwa ili kutengeneza ATP. Molekuli ya ATP hubeba fosfati tatu. Seli inapofanya kazi, iwe ni kukunja msuli, kupitisha ujumbe katika neva au kujenga protini, fosfati moja hukatwa na nishati hutoka. Kinachobaki ni ADP, yenye fosfati mbili. Shida ikizidi, seli huziunganisha ADP mbili ili kupata ATP moja, na hapo hubaki AMP, yenye fosfati moja tu.

Katika seli iliyoshiba, AMP ni kidogo mno. ATP inapopungua hata kwa sehemu ndogo, AMP huongezeka mara kadhaa. Ndiyo maana seli huitumia AMP kama king'ora cha kutahadharisha kabla hali haijawa mbaya.

AMPK imeundwa kwa sehemu tatu. Alfa ndiyo inayotenda kazi. Beta huziunganisha sehemu nyingine mbili na huweza kushikana na akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Gama ndiyo yenye vishimo ambamo AMP hujishika. AMP ikishajishika, umbo la kimeng'enya hubadilika kidogo, na fosfati iliyobandikwa kwenye alfa na kimeng'enya kingine, LKB1, huweza kudumu mahali pake. Hapo AMPK huwaka.

Kinachofuata chafanana na kazi ya msimamizi wa ghala katika msimu wa njaa. Kwanza, matumizi yanayoweza kusubiri husimamishwa: ini hupunguza utengenezaji wa mafuta na kolesteroli, na seli hupunguza ujenzi wa protini na kugawanyika kwake. Pili, milango ya mapato hufunguliwa: misuli huvuta glukosi zaidi kutoka kwenye damu, na mafuta yaliyohifadhiwa huanza kuunguzwa. Tatu, vitu vilivyochakaa ndani ya seli hukusanywa, huvunjwa na kutumika upya; ni kuhusu utaratibu huo wa seli kujisafisha ambapo mwanasayansi wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Hali ikiendelea kwa muda mrefu, kama inavyokuwa kwa mtu afanyaye mazoezi kila siku, seli za misuli huongeza mitokondria, yaani vinu vyake vya kuzalisha nishati.

Uvumbuzi uliochukua miaka mingi

Dalili za kwanza zilionekana mwaka 1973. Vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kikifanya kazi zake, viliripoti kwamba kuna protini inayozima vimeng'enya vya ini: kimoja kiliona uzimaji huo katika utengenezaji wa kolesteroli, kingine katika utengenezaji wa mafuta. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hizo ni protini mbili tofauti. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, wakiwa chini ya Grahame Hardie, walionyesha kwamba ni kimeng'enya kimoja. Jina AMPK lilifuata muda mfupi baadaye.

Mwaka 1996 ilithibitishwa kwa panya kwamba msuli unaofanya kazi huwasha AMPK. Ugunduzi huo ulisaidia kueleza jambo ambalo waganga walilijua kwa macho kwa muda mrefu: mgonjwa wa kisukari anayetembea au kulima huona sukari yake ikishuka, hata pale ambapo insulini yake haifanyi kazi vizuri. Misuli inayojishughulisha ina njia yake ya kuvuta glukosi isiyoitegemea insulini, na AMPK ni mmoja wa watendaji wa njia hiyo.

Jeni saba

Watu huzungumzia "jeni ya AMPK" kana kwamba ni moja, lakini kwa hakika ni saba. Alfa ina jeni mbili: PRKAA1, iliyo katika kromosomu ya 5, na PRKAA2, iliyo katika kromosomu ya 1. Beta ina mbili, PRKAB1 na PRKAB2. Gama ina tatu, PRKAG1, PRKAG2 na PRKAG3. Kwa kuwa kila kimeng'enya huchukua alfa moja, beta moja na gama moja, mwili unaweza kutengeneza aina 12 za AMPK. Tofauti hizo si za bure. PRKAA1 hufanya kazi karibu katika kila aina ya seli, zikiwamo za damu, ilhali PRKAA2 ina nafasi kubwa zaidi katika misuli na moyo.

Mfano ulio wazi wa madhara ya jeni hizi ni PRKAG2. Mwaka 2001 ilibainika kwamba mabadiliko katika jeni hiyo husababisha ugonjwa wa kurithi ambamo glaikojeni hujaa katika seli za moyo. Kuta za moyo hunenepa, na umeme wa moyo hupita njia za mkato zisizostahili, hivyo mapigo huweza kwenda kasi ghafla au kupungua kupita kiasi. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kuwekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Ugonjwa huu ni nadra, lakini una funzo: kimeng'enya cha nishati kikiwaka wakati usiofaa huweza kudhuru sawa na kile kisichowaka. Anayependekeza kwamba AMPK iwashwe kwa nguvu mwilini mwote hana budi kuufikiria moyo.

Kuhusu saratani, jeni iliyochunguzwa sana katika kundi hili ni PRKAA1. Mwaka 2011 watafiti wa China, baada ya kulinganisha jeni za wagonjwa wa saratani ya tumbo na za watu wasio na ugonjwa huo, walikuta kwamba tofauti ndogo katika sehemu ya kromosomu ya 5 ilipo PRKAA1 inaambatana na hatari ya kupata saratani hiyo. Kuambatana huko si hukumu. Mtu mwenye tofauti hiyo hatari yake huongezeka kidogo tu, wala haimaanishi kwamba ataugua. Bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori, uvutaji wa sigara na chakula chenye chumvi nyingi bado ni mambo makubwa zaidi katika ugonjwa huo.

LKB1: anayewasha taa

Uhusiano ulio imara zaidi kati ya AMPK na saratani haukupatikana katika jeni zake saba, bali katika jeni ya kimeng'enya kinachokiwasha, LKB1. Jeni hiyo, inayoitwa pia STK11, imo katika kromosomu ya 19.

Habari yake huanzia mwaka 1921, pale daktari Mholanzi Peutz alipoeleza kuhusu familia ambayo watu wake walikuwa na madoa meusi midomoni na vinyama vilivyoota katika utumbo. Mwaka 1949 daktari Mmarekani Jeghers na wenzake walieleza wagonjwa wengine, na ugonjwa huo ukaitwa Peutz-Jeghers. Madoa huonekana utotoni kwenye midomo, ndani ya mashavu na wakati mwingine vidoleni, na huweza kufifia ukubwani. Vinyama vya utumbo huweza kuvuja damu au kuufanya utumbo ujikunje ndani na kuziba. Baya zaidi, wenye ugonjwa huu wana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kupata saratani ya utumbo, tumbo, kongosho, matiti na viungo vya uzazi. Mzazi mwenye jeni hiyo iliyoharibika ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto.

Mwaka 1998 ilitambuliwa kwamba jeni yenye kasoro katika ugonjwa huo ni LKB1. Miaka mitano baadaye, mwaka 2003, watafiti wa Uingereza walipata kiungo kilichokosekana: LKB1 ndiyo inayobandika fosfati kwenye AMPK. Moja ya thibitisho lilitokana na seli za HeLa, zinazotumika katika maabara duniani kote. Seli hizo zilichukuliwa mwaka 1951 katika mji wa Baltimore, Marekani, kutoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi, bila idhini yake. Watafiti waliona kwamba dawa zinazowasha AMPK katika seli nyingine hazikufua dafu katika seli za HeLa. Sababu ni kwamba seli hizo hazina LKB1. Waliporudisha jeni hiyo, AMPK iliwaka.

Hilo liliunganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichunguzwa mbalimbali, yaani matumizi ya nishati na saratani. LKB1 ikiwapo, seli yenye upungufu wa nishati huacha kugawanyika, kwa kuwa AMPK huizima mTOR, protini inayoamrisha ukuaji. LKB1 ikikosekana, amri ya kusimama haifiki. Seli huendelea kukua hata ghala likiwa tupu.

Jeni ya LKB1 haiharibiki kwa kurithi tu. Huharibika pia ndani ya uvimbe wenyewe, kwa mtu ambaye alizaliwa nayo ikiwa salama. Hali hiyo huonekana sana katika aina moja ya saratani ya mapafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha pia kwamba takriban uvimbe mmoja kati ya mitano ya saratani ya mlango wa kizazi ulikuwa umepoteza jeni hiyo, na kwamba ugonjwa wa wanawake hao ulikwenda kwa kasi zaidi.

Kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu, taarifa hii imeanza kuwa na matumizi. Mwaka 2018 ilionekana kwamba uvimbe wenye kasoro ya LKB1 pamoja na kasoro ya jeni nyingine, KRAS, mara nyingi hauitikii vizuri baadhi ya dawa za kuamsha kinga ya mwili. Katika hospitali zenye uwezo wa kupima jeni za uvimbe, matokeo hayo huwasaidia madaktari kupima matarajio ya tiba.

Tahadhari moja yapaswa kuwekwa hapa. LKB1 haiwashi AMPK peke yake. Huwasha pia vimeng'enya vingine zaidi ya kumi vya ukoo huo huo. Kwa hiyo si kila dhara la kuikosa LKB1 laweza kuhesabiwa kuwa dhara la kuikosa AMPK.

Mlinzi anayeweza kuhudumia adui

Kwa miaka kadhaa picha ilionekana rahisi: AMPK huzuia saratani, basi iwashwe. Majaribio kwa panya yaliunga mkono sehemu ya wazo hilo. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba panya wenye aina fulani ya saratani ya limfu waliugua kwa haraka zaidi pale alfa inayotokana na jeni ya PRKAA1 ilipoondolewa. Seli zao zilizidisha ulaji wa glukosi kwa namna ile iliyoelezwa na Mjerumani Otto Warburg katika miaka ya 1920.

Lakini majaribio mengine yalipingana na picha hiyo. Uvimbe unapokua, sehemu zake za ndani huwa mbali na mishipa ya damu. Hewa ya oksijeni huwa haba na chakula hupungua. Katika mazingira hayo seli ya saratani inahitaji hasa kile ambacho AMPK hukifanya: kubana matumizi, kuunguza mafuta na kula vitu vyake vilivyochakaa. Mwaka 2015 ilionekana kwa panya kwamba seli zinazoanzisha aina moja ya saratani ya damu huitegemea AMPK ili ziishi ndani ya uboho wenye sukari kidogo. Mwaka 2019 ilibainika kwamba baadhi ya uvimbe wa mapafu ya panya hukua polepole zaidi AMPK ikiondolewa, si ikiwashwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Saratani si mgeni aliyetoka nje. Ni seli ya mwili wenyewe, na huchukua zana zile zile za kujihifadhi ambazo seli njema huzitumia. Kabla ya saratani kuanza, AMPK huzuia ukuaji wa ovyo. Ikishaanza, kimeng'enya hicho huweza kuivusha katika shida. Ni kwa sababu hiyo watafiti wa dawa wanafanya kazi kwa pande mbili, wengine wakitafuta cha kuiwasha AMPK na wengine cha kuizima, kutegemea aina ya ugonjwa na hatua yake.

Somo la metfomini

Dawa iliyobeba matumaini mengi ni metfomini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili katika Afrika Mashariki wanakifahamu. Asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza maabara mwaka 1922, na ikaanza kutumika kwa wagonjwa baada ya kazi ya daktari Mfaransa Jean Sterne mwaka 1957. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba metfomini huwasha AMPK katika seli za ini, ingawa majaribio ya baadaye yalithibitisha kwamba dawa hiyo huweza kupunguza sukari hata katika panya wasio na AMPK kwenye ini.

Mwaka 2005 watafiti wa Scotland walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa kisukari, wakaona kwamba waliotumia metfomini walipata saratani kwa uchache zaidi. Habari hiyo ilienea, na wapo wasio na kisukari walioanza kuinunua dawa hiyo kwa hiari yao. Hata hivyo, kumbukumbu za wagonjwa haziwezi kuthibitisha kwamba dawa ndiyo sababu.

Jibu lenye nguvu zaidi lilipatikana mwaka 2022. Katika jaribio lililoongozwa kutoka Canada, watu 3,649 wenye saratani ya matiti na wasio na kisukari waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa metfomini na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa muda wa miaka mitano. Katika kundi kuu la wagonjwa, metfomini haikupunguza kurudi kwa saratani wala vifo. Dawa hiyo inabaki kuwa tiba muhimu ya kisukari, lakini haikuwa tiba ya saratani ya matiti. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, kuitumia bila uangalizi huweza kusababisha asidi kujaa katika damu, hali inayoweza kuua.

Yanayomhusu mgonjwa na jamaa zake

Mazoezi ni njia salama ambayo mwili wenyewe huitumia kuwasha AMPK, katika misuli na kwa kiasi chake. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa kiwango cha wastani kama kutembea kwa haraka. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 889 waliokuwa wametibiwa saratani ya utumbo mpana kwa upasuaji na dawa. Baada ya miaka mitano, asilimia 80.3 ya waliofuata mpango wa mazoezi kwa usimamizi walikuwa hai bila saratani, dhidi ya asilimia 73.9 ya waliopewa ushauri wa maandishi tu. Faida hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ya AMPK pekee, kwa maana mazoezi hubadilisha mambo mengi mwilini. Tena wagonjwa wote walikuwa wamepata matibabu kwanza. Mazoezi yaliongezwa juu ya tiba, hayakuchukua nafasi yake.

Kwa mgonjwa aliye katika tiba, kufunga kula kwa muda mrefu kwa lengo la "kuinyima saratani chakula" kunahitaji tahadhari. Uvimbe wenye AMPK hai una uwezo wa kustahimili njaa, ilhali mgonjwa aliyekonda huenda asiistahimili dawa. Jambo hilo ni la kuzungumza na daktari kabla, si baada.

Familia yenye watoto wenye madoa meusi midomoni, na ambamo watu zaidi ya mmoja wamewahi kuziba utumbo au kupata saratani wangali vijana, inafaa iyaeleze yote hayo hospitalini. Madoa peke yake si ugonjwa, lakini yakiambatana na historia hiyo, uchunguzi wa utumbo wa mara kwa mara huwezesha vinyama kuondolewa kabla havijageuka.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, kasoro ya LKB1 huifanya iwe kali zaidi, lakini chanzo cha karibu saratani zote za aina hiyo ni virusi vya HPV, na virusi hivyo vina chanjo. Rwanda ilianza kuitoa kwa wasichana nchini kote mwaka 2011, ikiwa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Uganda ilifuata mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Wakati wanasayansi wakiendelea kuchunguza ni lini AMPK iwashwe na ni lini izimwe, chanjo hiyo, pamoja na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa wanawake watu wazima, inapatikana sasa katika vituo vya afya.